Mafuta ya Baraka Kwenye Breki

Mwende mwanangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu nakusikia chumba cha pili ukifungua sanduku na kulifunga, ukitoa nguo na kuzirudisha. Ningekuja tuzungumze, lakini nilipojaribu jioni uliniambia, "Mwaitu, tafadhali, wageni bado wako." Sasa wageni wamekwenda, na mimi nimekasirika kiasi kwamba nikifungua mdomo nitapiga kelele na Kithimani nzima itajua mambo yetu. Kwa hivyo naandika. Nitaiweka barua hii juu ya viatu vyako vya safari, uisome kabla hujatoka nje kesho.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa huko Kivaa, wala ufunge mlango, wala usikose kanisa. Umesomea mifugo mpaka ukapewa kazi ya kuitibu. Unaweza kumzalisha ng'ombe aliyekwama ndama, sufuria ya maji haitakushinda. Nataka kuzungumza juu ya ule mlio.

Uliusikia. Usinidanganye. Ulikuwa ukirudi kutoka kumfikisha shangazi yako Matuu, ukakata kona ya kuingia uani, ukakanyaga breki, gari likalia kiiii mpaka kuku wakatawanyika. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nilikutazama kupitia kioo cha mbele na nikaona usoni mwako kwamba umejua. Kisha baba yako mkubwa Kioko akainua mkono mbele ya watu wote, akasema, "Mnasikia? Huyo ni adui analia! Hii safari imemuuma!" Watu wakaitikia amina. Nawe, mtoto niliyemfundisha mwenyewe kusikiliza gari, ukashuka ukitabasamu, ukasema, "Ni vumbi tu, Anko. Itaisha."

Vumbi! Vumbi la wapi, na kutoka hapa hadi Matuu ni lami tupu?

Asubuhi gari hilo halikuwa na mlio wowote. Nililiendesha mwenyewe kwenda kuchukua mtungi wa gesi, na breki zilishika kimya kabisa. Baba yako alipotuachia gari hilo lilikuwa tayari limezeeka, nami nimelitunza miaka yote hii kwa kuogopa mambo machache, na la kwanza ni breki. Kwa hivyo niliposikia ule mlio sikuhitaji nabii. Nilijua ulianza lini, na nilijua umeanzishwa na nani.

Maombi ya kukuaga yalikuwa mazuri, sitayasema vibaya. Muthokoi uliiva, chai ilitosha, wanawake wenzangu wa kikundi chetu cha mwethya waliimba mpaka nikasahau kwamba ninabaki peke yangu. Kisha Kioko akasema gari nalo liombewe. Sawa, liombewe. Akatoa mafuta ya zeituni, si kile kichupa kidogo tunachokijua, bali chupa kubwa kabisa ya jikoni. Angepaka boneti. Angepaka kioo. Angepaka usukani, nami ningeufuta kesho bila kusema neno. La! Akasema magurudumu ndiyo miguu ya safari, na miguu ndiyo inayopakwa. Akapiga magoti mbele kushoto, chupa ikiwa imejaa, akaingiza mdomo wa chupa kwenye tundu la rimu, akamimina huku akiomba kwamba baraka ipenye mpaka ndani. Ikapenya, mwanangu! Ombi hilo lilijibiwa papo hapo.

Mimi nilikuwa nimefumba macho kama wengine. Nilipoyafumbua alikuwa amefika gurudumu la pili. Nikasema, "Shemeji, hapo ndani kuna breki." Akanijibu bila kugeuka, "Mama Mwende, hapa tuko kwa maombi." Shangazi yako akanivuta nguo. Nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza, tena mimi, na nitakueleza kwa nini hilo limeniuma kuliko unavyodhani. Ulipoondoka kumpeleka shangazi yako nilikuwa jikoni. Ningekuwa nje ningelala mbele ya gari.

Usije ukafikiri nina ugomvi na Mungu. Naomba kila siku, na leo nimeomba zaidi. Ugomvi wangu ni na ile chupa. Na ninakasirika zaidi kwa sababu Kioko ni mtu mwema. Angekuwa mlevi au mwizi ningemfukuza uani na mwiko, na kila mtu angenipa haki. Lakini huyu ni mtu aliyekulea tangu baba yako alipofariki, aliyekuja shuleni kwenu siku za wazazi akiwa amevaa koti lake la pekee, aliyelia kwa furaha uliposoma barua ya kazi. Mtu wa namna hiyo akikosea, nani atamwambia? Kila mtu anatazama chini. Wema wake umemwekea ukuta, na yeye mwenyewe hajui kwamba yuko nyuma ya ukuta.

Kabla giza halijaingia nilichukua ufunguo nikasema nakwenda kununua maziwa. Sikununua maziwa. Nilikwenda kwenye ukuta mrefu wa ghala la vitunguu, nikateremsha vioo, nikaendesha polepole kando ya ukuta huku nikigusa breki. Nilikuonyesha jambo hilo ulipokuwa unajifunza. Mahali palipo wazi sauti inapotea, lakini ukuta unakurudishia yote, na unajua upande gani unalia. Mbele kushoto. Kisha nikaenda pale penye uwanja mtupu, nikalegeza mikono kwenye usukani, nikakanyaga. Gari likaelekea kulia. Nikashuka, nikainama kwenye gurudumu la kushoto, nikanusa. Mwende, palinuka kama jikoni kwa mtu anayekaanga mandazi.

Nadhani hesabu yake unaijua, lakini nitaiandika ili usiseme sikukuambia. Padi za breki, yale mabamba mawili yanayolibana diski, hunywa mafuta kama mkate unavyokunywa chai. Zikishakunywa hazishiki tena, zinateleza na kulia. Sabuni itaiosha diski, lakini padi haioshwi ikapona. Inatupwa, na ya upande wa pili inatupwa pamoja nayo. Breki za nyuma zimefunikwa, hazikupata kitu. Upande wa kulia mbele ulipata kidogo kwa sababu yeye alikuwa ameshamimina baraka nyingi kushoto. Basi ukikanyaga breki kwa nguvu, upande wa kulia unashika, wa kushoto unateleza, na gari linakupeleka kulia. Na kulia ni nini, katika barabara ya kwenda Garissa? Kulia ni malori yanayokuja.

Hilo ndilo alilokuwa akililia huyo "adui."

Sasa nikuulize. Ungeitwa kwa mtu, ukamkuta ng'ombe wake anakohoa na pua inatoka usaha, ungemwambia mwenyewe, "Ni vumbi tu, itaisha"? Usingethubutu. Ungeweka sikio kwenye mbavu zake. Gari kuukuu nalo husema linapoumwa, na kila sauti ina maana yake. Asubuhi baada ya mvua likikwaruza kidogo ukikanyaga mara ya kwanza, hiyo ni kutu ya usiku kwenye diski; ikiisha kabla hujafika barabarani, achana nayo. Huko mbele ya Ekalakala, ukiacha lami, utasikia siku moja kitu kinakwaruza bila kukoma, ukanyage usikanyage. Usishtuke. Mara nyingi ni kokoto imenasa nyuma ya gurudumu. Rudi nyuma polepole, itadondoka. Ukisikia mlio mwembamba unaokufuata njia nzima, padi zinakwisha na gari linakuarifu mapema, tena kwa adabu kuliko watu wengi. Likigonga ko! kila unapokanyaga, kuna kitu kimelegea, na usingoje kujua ni kipi. Lakini ukisikia chuma kinasaga chuma, usinipigie simu kuniuliza. Simama hapo hapo ulipo, hata kama ni porini, hata kama unangojewa na mkubwa wa wilaya.

Na uwaogope mafundi wa kunyamazisha. Nimekutana nao wengi, na kila nikiwakumbuka damu inachemka. Kuna mmoja kule mjini Machakos nilimpelekea gari hili hili lilipokuwa likipiga filimbi. Akainua jeki, akafungua, akafunga, akanirudishia likiwa kimya kabisa. Nikamshukuru! Nilimshukuru mtu yule kwa maneno matamu. Kumbe hakubadilisha kitu. Kwenye padi kuna kibati kidogo kilichowekwa na mtengenezaji kwa makusudi, ili padi ikikaribia kwisha kiguse diski na kulia, mwenye gari apate habari. Yeye alikikata kwa koleo. Ndiyo kazi aliyofanya. Nilipogundua nilirudi nikamwuliza mbele ya wateja wake, naye akanijibu bila haya, "Mama, si ulisema unataka kelele iishe? Si imeisha?" Mpaka leo nikipita pale nageuza uso, maana nikimtazama nitatenda dhambi.

Sasa nikuambie kwa nini kunyamaza kwangu leo kumeniuma.

Ulikuwa hujaanza shule. Mimi na wanawake wa soko tulikuwa na pikapu moja, yangu kwa jina na yetu sote kwa kazi. Tuliipakia vitunguu vya mashamba ya mferejini, wenzangu wakapanda juu ya magunia, na mimi nikaendesha hadi Machakos mjini, jambo lililowapa wanaume wa hapa maneno ya kusema kwa muda mrefu. Breki zake zilikuwa zimetengenezwa na mzee Mbithi, aliyekuwa fundi na mzee wa kanisa, na ndiye aliyesimamia harusi yangu na baba yako. Baada ya matengenezo yale ikaanza kukwaruza. Nikamrudia. Akafuta mikono kwenye kitambaa, akacheka kwa upole, akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni padi mpya inazoeana na diski. Wewe ongeza redio kidogo."

Nikaongeza redio! Nikaweka kanda ya nyimbo za injili, na kila kelele ilipopanda mimi nilipandisha nyimbo. Kwa siku nyingi niliendesha hivyo. Nilijua. Mguu wangu ulijua, kwa sababu kanyagio lilikuwa linashuka chini zaidi kila siku. Lakini ningerudije kwa mzee aliyeniunganisha na mume wangu, nimwambie kazi yake ni mbaya? Mimi ni nani? Nilijiona nina adabu sana. Nilijipenda kwa adabu yangu.

Siku ile tulikuwa tunashuka mteremko wa kuingia mtoni, magunia yamejaa, wanawake wanacheka huko nyuma. Nikakanyaga, kanyagio likazama mpaka sakafuni. Nikashusha gia, nikavuta handibreki, nikaona daraja linakuja, nikaielekeza pua ya gari kwenye ukingo wa udongo. Nakumbuka vitunguu vikinipita, vinabingirika barabarani kuelekea mtoni, na kanda ya nyimbo bado inaimba.

Hakuna aliyekufa, na watu waliliita jambo hilo muujiza. Mama Ndunge, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alirushwa akavunjika nyonga. Wewe unamjua kama yule bibi anayetembea kwa magongo karibu na kinu. Hukumjua alipokuwa mwanamke wa kubeba gunia kichwani huku akitukana madalali kwa Kikamba mpaka wakapandisha bei. Hakurudi sokoni tena. Watoto wake wawili waliacha shule.

Nilikwenda kumwona hospitali. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaanza kuomba msamaha, nikamwambia nilikuwa nimesikia hiyo kelele na sikusema. Unajua alinijibu nini? Akasema, "Hata mimi nilikuwa nasikia. Sisi wote tulikuwa tunasikia. Tulifikiri wewe mwenye gari utasema."

Wote, Mwende! Gari zima la wanawake wazima wenye masikio! Kila mmoja alimngojea mwenzake, na mimi nilimngojea nani? Sijui. Nilingoja kelele iwe na adabu kama mimi, inyamaze yenyewe. Nilitoka wodini nikiwa na hasira ambayo haijanitoka hadi leo. Nina hasira na Mbithi, nina hasira na wenzangu, na zaidi ya wote nina hasira na yule mama kijana aliyeongeza redio.

Mbithi mwenyewe alikuja kumwombea. Akasema mbele ya wagonjwa wote kwamba ni mapenzi ya Mungu na tusitafute mchawi. Mungu hakuifunga ile padi! Ni wewe uliyeifunga, mzee, na ukaifunga vibaya! Hilo ndilo nililotaka kusema. Nilichosema ni amina.

Tulipokuwa wadogo tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na guu likavunjika la mtu mwingine. Siwadharau wakubwa, na nikisikia umewadharau nitakuja Kivaa kukuchapa hata kama wakulima wako wanatazama. Lakini kuna mambo mawili ambayo watu wa kwetu wameyachanganya mpaka yakawa kama moja. Kumwinamia mzee unapompa mkono ni jambo moja. Kumwacha mzee akuue ni jambo lingine, na hilo halikuwahi kuitwa heshima na mtu yeyote mwenye akili. Hata yeye mwenyewe halitaki. Unadhani Kioko angependa kuja kusimama juu ya kaburi lako akijua ni chupa yake? Utakuwa umemheshimu hapo? Umemficha aibu ndogo ya dakika moja uani, ukampa mzigo wa kubeba mpaka afe.

Najua utasema nini. Utasema, "Mwaitu, ningeenda tu polepole, halafu nipeleke kwa fundi huko huko mbele." Nilisema hivyo hivyo. Kila aliyewahi kushuka mteremko bila breki alikuwa amekusudia kwenda polepole halafu kwa fundi.

Na fikiria unakokwenda. Huko utawakuta wazee wenye ng'ombe wengi kuliko umri wako. Utamkuta mzee anamnywesha ndama dawa ambayo si dawa, naye anakutazama wewe msichana uliyekuja na gari la marehemu baba yako, anakuambia, "Hii tumefanya tangu zamani, daktari." Atakuwa mpole. Atakupa kiti na chai. Ndama atakuwa anakufa mbele yenu, na wewe utakuwa na neno mdomoni. Ukishindwa kumwambia Kioko anayekupenda, utamwambia nini mtu usiyemjua? Sikukusomesha ili uende kutabasamu karibu na mifugo inayokufa. Kwa kazi hiyo watu wanatosha.

Huenda nakuonea. Huenda ulitabasamu kwa sababu ulikuwa umechoka, ukiwa na huzuni ya kuniacha, na hukutaka siku ya mwisho iharibike. Najua pia kwamba tabasamu lile umelipata kwangu. Nililiona nikaona uso wangu wa zamani nyuma ya usukani. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Nilitaka urithi kitu kingine chochote. Urithi hata ulimi wa Mama Ndunge, watu wakuogope sokoni, nitafurahi.

Sasa hivi nimeshampigia simu fundi Njoroge. Anazo padi za gari hilo, na huyo hana kawaida ya kunyamazisha vitu. Hunionyesha kitu kibovu mkononi kabla ya kufunga kipya. Amesema atafungua mapema. Kwa hivyo dawa ipo, wala si ngumu. Safari itachelewa tu, basi. Lakini Kioko amekwisha kuwaalika wazee wa kanisa waje alfajiri, amesema safari ya alfajiri ina baraka, watakusindikiza mpaka barabarani kwa nyimbo. Watafika wamevaa makoti, watasimama uani, na watategemea gari liondoke. Nina hakika pia atakuja na chupa, maana ilibaki na mafuta.

Ningeweza kumaliza jambo hili mwenyewe. Ningempigia Kioko usiku huu, nimweleze, agune, anikasirikie mwezi mzima, yaishe. Wewe ungeamka ukute mambo yamekwisha, uendeshe ukiimba. Nimekaa hapa na simu mkononi nikaifikiria sana njia hiyo. Nimeiweka simu chini. Baada ya kesho sitakuwepo kukusemea. Hata kando yako kwenye kiti cha mbele sitakuwepo kusema, "Mwende, umesikia hiyo?"

Basi sikiliza nitakachofanya, ili usije ukasema nilikuvizia.

Wakimaliza kuomba, kabla hawajaanza wimbo, nitakuuliza mbele yao wote kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani: "Mwende, hili gari likoje?" Ufunguo ninao mimi, mfukoni mwa rinda. Ukimgeukia baba yako mkubwa, ukampa mkono kwa heshima zote, ukamwambia, "Anko, nimuvea, asante kwa maombi. Lakini mafuta yameingia kwa breki, na hii gari haiendi Kivaa mpaka zibadilishwe. Kama uko na mafuta mengine, nipake kwa kichwa," nitakukabidhi ufunguo mbele ya watu. Akikasirika, atukute tumesimama bega kwa bega, mimi na wewe, na asipokunywa chai kwangu mpaka Krismasi nitavumilia. Maneno si lazima yawe hayo. Tafuta yako. Ila yawe na breki ndani yake.

Lakini ukitabasamu ukasema, "Iko sawa, Mwaitu," nitafungua buti mwenyewe na kuteremsha mizigo yako, godoro, masanduku, vifaa vyako vya kazi, vyote, niviweke chini mbele ya wazee hao na makoti yao. Utakwenda Kivaa kwa basi, na gari litabaki hapa nami. Simpi gari mtu asiyeweza kulisemea. Utaona haya, na mimi nitaona haya, na huenda usinipigie simu kwa muda mrefu.

Unichukie ukiwa mzima, mwanangu. Hilo nitaliweza.

Mama yako